Yai la kuku angani: uzito unahitajika lini, na mifupa ya kifaranga huanza kudhurika lini?

Mtotoleshaji wa Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kutoka Uyole, ambako leo ukungu umegoma kuinuka hadi saa nne asubuhi.

Nina mashine ya kutotolesha ya mayai 528, na wateja wangu wengi ni akina mama wa Mwanjelwa na Iyunga wanaoleta trei mbili au tatu za mayai ya kienyeji. Mwezi uliopita umeme ulikatika jioni nikiwa ninapima mayai ya siku ya saba kwa tochi ya simu, na binti yangu aliyekuwa akinishikia trei akaniuliza kama mayai yale yangetotoa iwapo yangepelekwa angani. Nilicheka, kisha nikaona aibu kwa sababu sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma usiku, na ninaleta hapa niliyoyaelewa ili wafugaji na walimu wa jukwaa hili wanisahihishe.

Nianze na mayai ya kuku. Mwezi Machi 1989 chombo cha Marekani kiitwacho Discovery kilibeba mayai 32 yaliyorutubishwa. Jaribio hilo lilibuniwa na John Vellinger tangu alipokuwa mwanafunzi wa shule katika jimbo la Indiana, na mara ya kwanza lilipotea Januari 1986 pamoja na chombo cha Challenger na watu 7 waliokuwamo. Aliporudia, mayai 16 yalikuwa yameatamishwa siku 2 kabla ya safari, na mengine 16 yalikuwa na siku 9. Yote yalikaa angani siku 5. Viinitete (vifaranga wachanga wanaoumbika ndani ya yai) vya siku 9 vilirudi vikiwa hai, na mayai ya kundi hilo yaliyoachwa yaendelee yalitoa vifaranga. Katika kundi la siku 2 hakikupona hata kimoja. (Ufadhili, kwa wanaopenda vichekesho vya dunia, ulitoka kwa kampuni maarufu ya kuuza kuku wa kukaanga, na kifaranga wa kwanza akapewa jina la Kentucky.)

Mfugaji yeyote atashtushwa na matokeo hayo kama nilivyoshtuka mimi. Mayai yalikuwa ndani ya chombo kimoja, yakapata joto moja na mtikisiko mmoja wa kuruka na kutua, lakini umri wa siku 7 tu ndio uliotenganisha uhai na kifo.

Maelezo ya watafiti yanaanzia kwenye kiini. Yai linapolala hapa duniani, sehemu ya juu ya kiini, pale palipo na kidoa cheupe cha mbegu, ni nyepesi kuliko sehemu ya chini, kwa hiyo kidoa hicho hubaki juu hata ukiligeuza yai. Katika siku za mwanzo majimaji mepesi hukusanyika chini ya kiinitete, kiini kinazidi kuwa chepesi kuliko ute unaokizunguka, nacho hupanda taratibu hadi kukaribia utando wa ganda, mahali ambapo hewa inapita katika vitundu vidogo. Kiinitete cha siku 2 bado hakina mapafu wala mtandao wa damu uliotandazwa chini ya ganda, kwa hiyo kule kupanda kwa kiini ndiko kunakokisogeza kwenye hewa. Uzito ukiondolewa, kizito na chepesi havitengani tena, kiini kinaelea katikati ya ute kama mtu aliyekwama katikati ya umati, na kiinitete hakifiki dirishani. Kile cha siku 9 kilikuwa kimekwishajitandazia mishipa yake ya damu ndani ya ganda, na hakikuhitaji tena kubebwa na mtu.

Kuhusu mifupa, nilitegemea kusoma kwamba vifaranga wale walirudi wakiwa na matege, lakini sivyo ilivyokuwa. Mifupa iliyojengwa ndani ya yai haikuonyesha ulemavu wa kutisha. Ukitafakari utaona sababu, kwa kuwa kiinitete hata hapa Uyole kinaelea ndani ya maji yake na hakisimami juu ya mguu wowote, na chokaa yake sehemu kubwa, takriban asilimia 80 ya ile anayototoka nayo, huchotwa kwenye ganda na kusafirishwa kwa damu. Kazi hiyo ni ya kikemia, nayo haiulizi juu ni wapi na chini ni wapi.

Maoni yangu, ambayo ninayaweka hapa yapingwe, ni kwamba ndani ya ganda uzito unahitajika mapema sana kwa ajili ya kupumua, na kwa mifupa hauhitajiki hadi kifaranga atakapotoka. Akishatoka, mambo yanageuka.

---

Mwalimu Kihesa

Ndugu mwanzisha uzi, hongera kwa kazi nzuri. Nina sahihisho dogo ambalo wanafunzi wangu hapa Iringa hulikosea kila mwaka. Si kweli kwamba huko juu nguvu ya mvutano wa dunia imekwisha. Katika kimo cha kilomita 400 mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa hapa chini. Chombo pamoja na kila kilichomo kinaanguka muda wote kuizunguka dunia, na kwa kuwa yai, ute na trei vinaanguka pamoja, hakuna kinachokigandamiza kingine. Ndiyo maana kiini hakipandi.

Niongeze jambo ambalo huenda limekupita. Mvutano hufanya kazi yake kubwa ya kwanza kabla hata yai halijatagwa. Yai hukaa kwa takriban saa 20 katika sehemu ya mwili wa tetea inayotengeneza ganda, likizungushwa taratibu, na katika mzunguko huo uzito ndio unaoamua kichwa cha kifaranga kitakuwa upande gani na mkia upande gani. Jambo hilo lilithibitishwa kwa majaribio yaliyochapishwa na Kochav na Eyal-Giladi mwaka 1971. Kwa hiyo mayai yote yaliyorushwa angani, hata yale yanayoitwa ya siku sifuri, yaani ambayo hayakuatamishwa kabisa kabla ya safari, yalikuwa yamekwishaelekezwa hapa duniani ndani ya tumbo la kuku. Kuku aliyetungiwa mbegu, akatengeneza ganda na kutaga akiwa angani ni habari nyingine kabisa.

---

Mama Kware Mafinga

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokimbilia kware enzi zile kila mtu akiambiwa yai moja linatibu magonjwa arobaini. Soko lilipoporomoka nilibaki na ndege 300 na madeni, lakini ujuzi nilioupata haujaoza.

Mtoa mada amezungumzia kuku tu, na nijuavyo mimi ndege wa kwanza kutotolewa angani alikuwa kware wa Japani. Ninaomba ufafanuzi, kwa sababu kama mayai machanga hufa huko juu, huyo kware alitoka wapi?

---

Mtotoleshaji wa Uyole

Mama, umenibana mahali penyewe, na swali lako nimelala nalo siku mbili.

Ni kweli. Tarehe 22 Machi 1990, katika kituo cha Mir cha Muungano wa Kisovieti, kifaranga wa kware alitotolewa mbele ya wanaanga Anatoly Solovyev na Alexander Balandin, na wengine wakafuata. Kazi hiyo ilikuwa imeanza zamani, kwani mayai ya kware yalikwishapanda katika setilaiti ya Kosmos 1129 mwaka 1979, na watafiti wa Slovakia walishirikiana na wale wa Moscow kutengeneza mashine za kutotoleshea. Kware alichaguliwa kwa sababu unazozijua wewe kuliko sisi: yai lake lina gramu 10 hadi 12, hutotoa kwa siku 16 hadi 18, na ndege mwenyewe huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba.

Kwa nini walipona? Kwanza, si kwamba walipona wengi kama wa chini, maana viinitete vingi zaidi vilikwama njiani kuliko katika mayai ya kulinganishia yaliyobaki duniani. Pili, na hapa ninatoa maoni yangu mwenyewe, yai la kware ni dogo mara tano kuliko la kuku, kwa hiyo hata kiini kikibaki katikati bado kiko karibu na ganda, na hewa haina safari ndefu. Kuku amejaribiwa tena Septemba 1992 katika chombo cha Endeavour, katika safari iliyoshirikisha Wajapani, kwa mayai ya siku 0, siku 7 na siku 10, na yale ya siku 0 ndiyo yaliyoangamia karibu yote. Matokeo yamekubaliana na ya Vellinger.

Sasa nije kwenye mifupa na viungo, kwa kuwa hapo ndipo kware wa Mir wanapotufundisha. Wale vifaranga walitoka wakiwa na miguu yote miwili, macho na midomo. Tatizo lilianza dakika ile ile waliyoacha ganda. Hawakuweza kujishikiza popote, kila waliporusha mguu mwili wote ulizunguka, na chakula kilichokuwa mbele ya macho hawakuweza kukifikia kwa sababu kudonoa kunahitaji miguu iliyosimama. Wanaanga walilazimika kuwalisha kwa mikono, na wengi hawakuishi muda mrefu. Mwaka 1999 Mslovakia Ivan Bella aliondoka tarehe 20 Februari na mayai ambayo tayari yalikuwa yameatamishwa duniani, yakatotoa huko juu, naye akarudi na baadhi ya vifaranga tarehe 28 Februari. Ni wachache tu waliofika wakiwa hai.

---

Mama Kware Mafinga

Mwanangu, umeeleza kitu ninachokijua kwa macho yangu, ila sikujua kwamba kinafanana na mambo ya angani.

Mwaka wangu wa kwanza nilitandika magazeti kwenye boksi la kulelea vifaranga kwa kuwa niliona maranda yanachafua maji. Siku ya pili vifaranga kumi na wanne walikuwa wamelala kifudifudi, mguu mmoja umekwenda mashariki na mwingine magharibi, kama chura aliyekanyagwa. Wako wazima kabisa, macho yanang'aa, wanalia, lakini gazeti lilikuwa linateleza na kila wakijaribu kusimama miguu inapanuka zaidi. Jirani mmoja mtu mzima alikuja, akaondoa magazeti, akatandika gunia, akachukua uzi wa sufi na kuifunga ile miguu kwa kitanzi chenye umbo la nane, akaacha nafasi ya upana wa kidole. Tisa walisimama baada ya siku tatu. Waliobaki niliwakuta katika siku ya tano magoti yamekwishakaa upande, na huwezi tena kuyarudisha.

Kwa hiyo ninakuelewa unaposema mguu haukuharibika ndani ya yai. Wa kwangu nao walitoka wazima, wakaharibikiwa kwa kukosa pa kukanyaga.

---

Mwalimu Kihesa

Mchango wa Mama hapo juu unastahili kuhifadhiwa, japokuwa nitenganishe mambo mawili ili tusichanganye. Miguu kupanuka kwenye gazeti ni tatizo la viungio na kano, wakati mfupa wenyewe unaweza kuwa bado imara. Angani yanatokea yote mawili kwa pamoja: kifaranga hana pa kukanyaga, na mfupa wake haubebi mzigo.

Mfupa hujengwa na seli za aina moja na kubomolewa na seli za aina nyingine kila siku ya maisha. Mzigo ndio unaoziambia seli za kujenga ziendelee na kazi. Mzigo ukiondoka, wabomoaji hawaachi kazi, wajenzi ndio wanaopunguza. Binadamu mzima akikaa angani hupoteza madini ya mifupa ya nyonga kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi, na ndiyo sababu wanaanga hufanya mazoezi takriban saa mbili kila siku. Kwa mnyama anayekua hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa panya wadogo waliorushwa na setilaiti ya Kosmos 782 mwaka 1975 walionyesha kwamba uongezaji wa mfupa mpya kwa upande wa nje ulipungua sana. Anayekua anapata hasara ya kile ambacho hakikujengwa kwa wakati wake.

Upande wa pili wa shilingi umejaribiwa kwa kuku wenyewe. Katika Chuo Kikuu cha California, Davis, Arthur Smith na wenzake waliwafuga kuku kwa muda mrefu ndani ya mashine kubwa inayozunguka, ambayo huwaongezea uzito badala ya kuupunguza. Kuku hao walikuwa na miili midogo, mafuta machache, na misuli ya kusimamia iliyo mikubwa zaidi.

---

Baridi ya Makete

Nimefuatilia kimya kimya. Mimi nina kuku wa mayai katika vizimba vya waya, na ninaona kuku mzee wa kizimbani ukimshika vibaya bawa linavunjika kama kijiti cha mahindi makavu, ilhali wa kienyeji anayeruka juu ya mti wa parachichi huanguka akaamka. Nilidhani ni chakula tu. Je, naye ni mwanaanga?

Swali la pili: huku kwetu ni zaidi ya mita 2,000 na mashine zetu hutotoa vibaya kuliko za jamaa wa kule chini bondeni Usangu wakitumia mayai yale yale. Je, ni mambo ya uzito pia?

---

Mtotoleshaji wa Uyole

Mkuu, la kwanza nusu ni kweli. Ganda moja la yai lina takriban gramu 2 za kalisi, yaani madini ya chokaa, na tetea wa kisasa hutoa ganda karibu kila siku, kwa hiyo hukopa kwenye mifupa yake usiku na kulipa mchana kutoka kwenye chakula. Huyo wa kizimbani anakopa kama wengine, lakini hatembei, haruki wala hatui, na mfupa usiobebeshwa mzigo haulipiwi vizuri hata chakula kikiwa na chokaa ya kutosha. Ukimwekea kijiti cha kulalia utaona tofauti kwa kundi linalofuata. Aliyekwishadhoofika hatarudi kama zamani.

La pili, hapana. Uzito wa yai Makete na Usangu ni ule ule kwa vipimo vyetu. Huko kwenu hewa ni nyepesi, oksijeni inayopenya kwenye vitundu vya ganda ni kidogo, na maji nayo hutoka kwenye yai kwa haraka zaidi. Ila tazama jinsi linavyofanana na lile la angani: kiinitete kinakufa kwa kukosa hewa ilhali hewa iko nje ya ganda. Tumia mayai ya kuku waliozaliwa na kukulia huko huko, na uangalie unyevu wa mashine kuliko unavyoangalia joto.

Kuna kiungo kingine ambacho hakuna aliyekitaja. Mtazame kuku wako anavyokunywa. Anachota maji kwa mdomo, kisha anainua kichwa na kuyaacha yateremke kooni yenyewe. Njiwa huchovya mdomo na kunyonya, lakini kuku na kware hawana nguvu hiyo, wanategemea maji yawe na uzito. Kifaranga wa angani anaweza kuwa amezungukwa na maji na asijue la kuyafanya. Kinachomwokoa kwa siku mbili tatu ni masalio ya kiini aliyoyavuta tumboni kabla ya kutotoka, akiba ile ile inayowafikisha hai vifaranga wa boksi wanaopakiwa kwenye basi Dar es Salaam jioni na kushushwa Mbeya siku inayofuata bila kula wala kunywa.

---

Kijana wa Tukuyu

Ninaomba radhi kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Mimi sina mashine, nina tetea wanne na jogoo mmoja. Sikuamini habari ya kidoa cha mbegu kurudi juu kila yai likigeuzwa, nikaamua kupoteza mayai matatu.

Niliyalaza kwenye karatasi ya trei iliyokatwa, nikayaacha nusu saa bila kuyagusa, kisha nikatoboa ganda upande wa juu kwa ncha ya mkasi na kufungua kidirisha cha ukubwa wa sarafu. Yai la kwanza, kidoa kiko katikati ya dirisha, cheupe, chenye duara kama pete ndogo. La pili nililigeuza juu chini kwanza, nikasubiri nusu saa nyingine, nikafungua upande ambao mwanzo ulikuwa chini. Kidoa kipo pale pale dirishani, kimezunguka chenyewe ndani ya ganda. La tatu nililishika mkononi na kulifungua mara tu baada ya kuligeuza, bila kusubiri, na hapo nilikuta kiini kitupu cha njano. Nililiweka mezani nikaendelea kuchungulia. Baada ya kitambo ukingo wa pete ukaanza kuonekana upande mmoja wa dirisha, ukasogea taratibu sana, hadi kidoa kizima kikatokea.

Bibi aliniuliza kama nimerogwa na mayai. Nilimkaangia yote matatu.

---

Mtotoleshaji wa Uyole

Kijana, ahsante sana. Binti yangu amesoma andiko lako, na sasa hivi yuko jikoni na mkasi.